Ndege za Jeshi Zilizobeba Magunia

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Ndiyo maana mwaka huu nimeonelea nikuletee somo juu ya kitu ambacho sisi watu wa Port Reitz, Magongo na Migadini tunakisikia kila kukicha juu ya mapaa yetu, lakini hatukiulizi habari zake. Kitu chenyewe ni ndege. Sisemi zile za watalii. Nasema ndege za jeshi, tena si zile za kurusha makombora, bali zile za uchukuzi.

Sababu ya kuandika ni mjadala tulioufanya chamani. Hoja ilikuwa kwamba jeshi huleta madhara kuliko manufaa. Waliounga mkono walisema, "Ndege ya jeshi ni ya kuua tu, basi!" Waliopinga wakasema, "Mbona zilileta chakula wakati wa njaa?" Lakini hakuna aliyeweza kusema ni chakula gani, lini, wala kiasi gani. Tulipiga kelele sana, manake mjadala usio na tarakimu huwa ni kelele tu. Basi nikaona heri tupate somo kamili, kisha kila mtu aamue mwenyewe.

KIKOSI CHA UCHUKUZI NI NINI?

Jeshi la wanahewa hugawanywa katika vikosi. Kila kikosi huwa na ndege zake, marubani wake, mafundi wake, na mara nyingi nambari yake. Kuna vikosi vya kupigana, vya kupeleleza, vya kufundishia marubani, na kuna vikosi vya uchukuzi. Kazi ya hivi vya mwisho ni kubeba: askari, dawa, majeruhi, magari, mafuta na chakula.

Ndege iliyo mashuhuri kuliko zote katika kazi hii ni C-130 Hercules ya Marekani. Iliruka mara ya kwanza mwaka wa 1954, na hadi leo ingali inaundwa. Hebu tuitazame vile ilivyo, kwa sababu umbo lake ndilo linaloeleza kazi yake. Mabawa yake yako juu ya mwili, si chini, ili mapangala yake manne yasipige mawe na vumbi. Tumbo lake liko karibu na ardhi ili mizigo iingie bila taabu. Magurudumu yake ni manene, kwa hivyo haihitaji lami. Uwanja wa changarawe wa kilomita moja hivi unaitosha. Na mkiani ina mlango mkubwa unaoshuka chini ukawa kama daraja, gari likaingia lenyewe kwa magurudumu yake. Huweza kubeba kiasi cha tani 19.

Shika neno hili la tani, kwa sababu tutalirudia.

PORT REITZ NA VITA VYA WENYEWE

Mombasa haikuanza juzi kuona ndege za kijeshi. Jina lenyewe la Port Reitz ni la mwanajeshi. Luteni Reitz alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa Mombasa mwaka wa 1824, wakati Mazrui walipokubali bendera ya Waingereza ili wajikinge na Sultani wa Omani. Alifariki mwaka huo huo, lakini jina lake likabaki kwenye hori yetu.

Katika Vita Vikuu vya Pili, Wajapani walipoishambulia Ceylon mwezi wa Aprili 1942, manowari za Waingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini. Manowari zikija, ndege nazo huja. Uwanja wa Port Reitz ukawa wa jeshi. Pale Kipevu, ambapo leo tunaona matangi ya mafuta na mitambo ya umeme, palikuwa na Kikosi cha 209 cha Jeshi la Wanahewa la Uingereza. Ndege zake ziliitwa Catalina, na zilikuwa ziteremkazo majini kama bata. Kazi yao ilikuwa kuzisaka nyambizi za adui zilizokuwa zikizamisha meli za mizigo. Hizo hazikuwa ndege za uchukuzi, lakini zinatufunza jambo moja: hata wakati huo, kazi kubwa ya ndege ilikuwa kuilinda meli, kwani meli ndiyo iliyobeba riziki.

Vita vilipokwisha uwanja ulibaki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulipanuliwa ukawa wa kimataifa, ukaitwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Barabara yake kubwa ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita tatu. Barabara hiyo ndiyo iliyoleta kisa chetu.

NJAA YA SOMALIA

Mwezi wa Januari 1991 Rais Siad Barre alikimbia Mogadishu. Serikali ikaanguka, na waliomwangusha wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Vita vilipiga hasa sehemu ile inayolima, baina ya mito ya Juba na Shabelle. Ghala ziliporwa, mifugo ikachukuliwa, visima vikaharibiwa, na ukame nao ukazidisha msiba. Kufikia katikati ya mwaka wa 1992, mji wa Baidoa ulikuwa ukizika watu kila siku, wengi wao watoto. Waliokufa kwa vita na njaa hiyo walikuwa mamia ya maelfu.

Sisi wa Mombasa hatukuyasikia haya redioni tu. Wakimbizi walifika kwa majahazi wakiwa na virago vyao. Wengi wao walikuwa watu wa Barawa na wa pwani ya Banadir, miongoni mwao wasemaji wa Chimbalazi, ambacho ni Kiswahili cha kwao. Kambi zilifunguliwa, mojawapo ikiwa ile ya Utange kule Kisauni. Kwa hivyo aliyekuwa Kisauni aliiona njaa kwa nyuso za watu, na aliyekuwa Changamwe aliiona kwa magunia.

Sasa hapa pana swali. Somalia ina bahari ndefu na bandari nyingi. Mbona chakula kisipelekwe kwa meli moja kwa moja? Jibu ni kwamba bandari ya Mogadishu ilikuwa ikigombaniwa na watu wenye bunduki. Mwezi wa Novemba 1992 meli ya chakula ilipigwa mizinga ilipokuwa ikiingia bandarini humo. Na hata shehena ikishuka salama, malori yalitekwa njiani. Chakula kilikuwa kimegeuka kuwa fedha: mwenye magunia alilipa wapiganaji wake kwa magunia.

DARAJA LA HEWANI

Tarehe 14 Agosti 1992, Rais George Bush wa Marekani, yule baba, alitangaza kwamba ndege za jeshi lake zitabeba chakula. Makao ya kazi hiyo yakawa Mombasa, chini ya Brigedia Jenerali Frank Libutti. Ndege za C-130 zikapanga mstari pale uwanjani Port Reitz. Wajerumani walileta ndege zao za Transall, ambazo zina injini mbili badala ya nne, na baadaye Waingereza nao wakaleta Hercules zao. Mashirika ya misaada ndiyo yaliyokuwa na chakula. Wanajeshi walikuwa wachukuzi tu.

Safari za kwanza, tarehe 21 Agosti, hazikwenda Somalia. Zilikwenda Wajir, kwa sababu kaskazini ya Kenya nako kulikuwa na ukame, na wakimbizi walikuwa wamejaa. Tarehe 28 Agosti ndege ziliteremka Beledweyne, ndani ya Somalia. Kisha zikaenda Baidoa, Bardera na kwingineko. Kutoka hapa hadi Baidoa ni karibu kilomita 900, yaani saa mbili hivi hewani. Rubani huondoka asubuhi, huteremka kwenye uwanja wa vumbi, magunia hushushwa upesi, naye hugeuza. Hakai, kwa sababu ndege iliyosimama ni shabaha nzuri. Na shabaha hiyo ilipatikana: mwezi wa Septemba ndege moja ilipigwa risasi ikiwa Beledweyne, na safari zikasimamishwa kwa muda.

Kazi ya Wamarekani ilikwisha mwishoni mwa Februari 1993. Kwa hesabu yao, walifanya safari 1,924 za Somalia na 508 za humu humu Kenya, wakabeba tani 28,050.

TUPIGE HESABU

Jamani, tarakimu hizo zinatisha ukizisikia. Lakini mwanafunzi mzuri hatishiki; huchukua kalamu.

Jumlisha safari zote: 1,924 na 508 ni 2,432. Ukigawa tani 28,050 kwa safari 2,432 unapata kama tani 11 na nusu kwa kila safari. Kumbe ndege iwezayo kubeba tani 19 ilikuwa ikibeba chini ya hapo! Si uvivu. Ndege hulazimika kubeba mafuta ya kwenda na ya kurudi, na uwanja mfupi wenye mchanga hauruhusu uzito mkubwa.

Tani 11 na nusu ni kama magunia 128 ya kilo 90. Tuseme kila mtu apate nusu kilo ya nafaka kwa siku. Ndege moja basi ililisha watu 23,000 kwa siku moja. Ni jambo kubwa kwa mama aliyeketi kando ya uwanja wa Baidoa. Chakula chote kwa jumla kingeweza kulisha watu laki tatu hivi kwa muda wa nusu mwaka.

Sasa linganisha na yale tunayoyaona kila siku katika barabara ya Changamwe. Lori moja refu la mizigo hubeba kama tani 28. Kwa hivyo kazi yote ya safari 2,432 za ndege ingefanywa na malori elfu moja. Na meli? Tani 28,050 ni shehena ya meli moja tu ya nafaka katika bandari yetu ya Kilindini. Meli moja, msomaji! Tena lori na meli hutumia mafuta machache mno kwa kila gunia kuliko ndege.

Ndipo nikaona mfano huu: meli ni sufuria, lori ni upawa, ndege ni kijiko cha mgonjwa. Mgonjwa asiyeweza kuinuka hulishwa kwa kijiko, na kijiko hicho humwokoa. Lakini hakuna nyumba iliyopika pilau ya arusi ikaipakua kwa kijiko. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Ndege husaidia usichelewe. Haiwezi kuwa njia ya kulisha nchi nzima siku zote.

Huenda ukaniuliza, mbona Berlin iliwezekana? Ni kweli. Kuanzia Juni 1948 hadi Septemba 1949, mji wa Berlin ya Magharibi ulipofungiwa njia, ndege za Marekani na Uingereza zilibeba zaidi ya tani milioni 2 za makaa, unga na vitu vingine, kwa safari zaidi ya 270,000. Lakini Berlin ilikuwa na viwanja vizuri, mafundi wengi, dola mbili tajiri zilizoazimia kutoshindwa, na juu ya yote, mji wenyewe ulikuwa mtulivu. Gunia likishuka lilifika kwa mwenyewe. Baidoa gunia lilishuka, lakini njia kutoka uwanjani hadi kwenye chungu ilikuwa na mwenye bunduki.

MWILI MMOJA, KAZI MBILI

Kwa sababu hiyo, tarehe 9 Desemba 1992 askari wa Marekani waliteremka pwani ya Mogadishu ili kulinda njia za chakula. Barabara zikafunguka, malori yakapita, na kwa muda fulani njaa ikapungua. Lakini askari aliyekuja kulinda gunia alijikuta anapigana na wenye nchi. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, katika mapigano ya Mogadishu, waliuawa Wamarekani 18 na mamia ya Wasomali. Kufikia mwisho wa Machi 1994 Wamarekani walikuwa wamekwisha ondoa majeshi yao.

Kabla hawajaondoka, bahari yetu ilishuhudia msiba. Tarehe 14 Machi 1994 ndege iliyokuwa imetoka Mombasa ilianguka baharini karibu na Malindi. Walikuwamo watu 14; wanane wakafa. Ndege hiyo ilikuwa AC-130, na risasi ya mzinga wake ililipuka ndani ya mtutu. Umeona herufi ile moja iliyoongezwa? AC-130 ni C-130 ile ile: mabawa yale yale, injini zile zile nne. Tofauti ni kwamba ubavuni imetiwa mizinga.

Hapa ndipo ninapowajibu wenzangu wa pande zote mbili za mjadala. Aliyesema ndege ya jeshi ni ya kuua tu, hakuona magunia ya Wajir. Aliyesema ni ya kulisha, hakuona mzinga wa Malindi. Mwili ni mmoja. Kinachoamua ni kile alichotia mwanadamu tumboni mwake, na amri aliyompa rubani.

NA SISI JE?

Tusidhani hii ni habari ya wageni tu. Katika mafuriko makubwa ya mwaka wa 1961, ndege za Beverley za Kikosi cha 30 cha Uingereza, kilichokuwa Eastleigh, Nairobi, zilidondosha chakula kwa watu waliozingirwa na maji hapa nchini. Kikosi hicho kiliondoka mwaka wa 1964, na mwaka huo huo, tarehe 1 Juni, Jeshi la Wanahewa la Kenya likaundwa. Likapata ndege zake za uchukuzi: kwanza Beaver, kisha Caribou, halafu Buffalo, zote kutoka Kanada. Baadaye zikaja Y-12 za Uchina, na miaka ya karibuni Spartan za Italia. Nyingi ya hizo ni ndege za viwanja vifupi, na sababu unaijua: nenda Mandera, Lodwar au Marsabit wakati wa mvua uone barabara inavyokatika.

Wanaozirusha huzilipia. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya Y-12 ya jeshi letu ilianguka Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walikufa, wakiwemo wabunge, miongoni mwao Dakta Bonaya Godana. Walikuwa wakienda kupatanisha jamii zilizokuwa zikipigana. Yaani shehena ya ndege siku ile ilikuwa amani yenyewe, na hiyo ndiyo shehena iliyokosekana Somalia. Mahali penye amani gunia hufika kwa lori, tena kwa bei nafuu, wala hapahitaji kikosi.

Basi msomaji, ukiisikia Hercules inapita juu ya Magongo, itazame. Kisha geuza shingo utazame winchi za Kilindini na malori yanayosota njia ya Jomvu. Usiidharau ndege, wala usiyadharau malori. Anayetaka kuzuia njaa na azitunze bandari, barabara na amani wakati wa shibe, ili siku ya dhiki asibaki akisubiri kijiko.

MSAMIATI

Shehena: mizigo iliyopakiwa chomboni.
Upawa: kijiko kikubwa cha kupakulia mchuzi.
Daraja la hewani: safari nyingi za ndege mfululizo, za kupeleka mahitaji mahali ambapo njia za nchi kavu na bahari zimefungwa.
Nyambizi: chombo cha vita kiendacho chini ya maji.
Shabaha: kitu kinacholengwa.
Hori: mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu.
Mtutu: mwanzi wa bunduki au mzinga ambamo risasi hupita.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza mambo matatu katika umbo la C-130 yanayoifaa kwa kazi ya uchukuzi.
2. Kwa nini safari za kwanza za Agosti 1992 zilikwenda Wajir?
3. Ikiwa ndege ilibeba tani 11 na nusu kwa safari, zinahitajika safari ngapi kubeba tani 230?
4. "Meli ni sufuria, lori ni upawa, ndege ni kijiko cha mgonjwa." Fafanua.
5. Jadilini chamani: Je, askari alindaye chakula anaweza kuepuka vita?

Atakayepata majibu yote na aje nayo mkutano ujao.